Jinsi ya Kufaulu Mtihani wa Configure kwa Kuangalizia

Mdogo wangu, tuanze na ukweli: unataka kuonekana. Unataka siku moja uwe umekaa stendi ya Korogwe ukisubiri gari la Handeni, laptop mapajani, maandishi yanapita kwenye kioo kama mvua ya masika, na mtu akuulize unafanya nini. Nawe umjibu bila kuinua macho: "Najenga Perl."

Hamu hiyo haina ubaya. Vijana wengi niliowaona wakijua kompyuta walianza kwa kutaka kuonekana, elimu ikaja baadaye. Kwa hiyo tutaitumia. Nitakupitisha njia fupi, yenye jasho dogo na majibu ya kuangalizia, na pale utakaposhindwa nitakuonyesha namna ya kushindwa bila aibu.

Kwanza ujue unakwenda kufanya nini. Perl ni lugha ya programu. Kile chombo kinachosoma maandishi yako ya Perl na kuyatekeleza huitwa interpreta, nacho kimeandikwa kwa lugha ya C. Kabla hakijakaa kwenye mashine yako, C hiyo lazima igeuzwe iwe amri ambazo prosesa yako inazielewa. Na kabla ya kugeuzwa kuna mtihani. Mtahini anaitwa Configure, kwa C kubwa mwanzoni. Larry Wall alipotoa Perl ya kwanza tarehe 18 Desemba 1987, Unix zilikuwa nyingi na kila kiwanda kilikuwa na yake, hakuna mbili zilizofanana tabia. Configure ikapewa kazi ya kuihoji mashine: namba nzima inachukua baiti ngapi? Kitendakazi fulani kipo au hakipo? Maktaba za C zimewekwa wapi? Ikishindwa kujua, inakugeukia wewe. Maswali ni mengi mno.

Mwanafunzi mwema hapo huchukua kalamu. Wewe iache mfukoni.

Hatua ya kwanza: changieni bando

Usipakue peke yako. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri apakue, atie kwenye flashi, flashi ipande gari. Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 za lami. Dereva ataifikisha kabla bando lako la usiku halijaanza kufanya kazi. Faili la Perl hutolewa kwa namna mbili, tar.gz na tar.xz. Chukua la xz, ni dogo zaidi. Tazama pia namba ya katikati ya toleo. Ikiwa shufwa, kama 5.38 au 5.40 iliyotoka Juni 2024, toleo limeiva. Ikiwa witiri, kama 5.39, bado liko jikoni, na Configure itasita mpaka uiambie -Dusedevel. Chukua lililoiva. Utahitaji na kompaila ya C pamoja na make. Kwenye Debian na Ubuntu vyote vinakuja kwa kifurushi kimoja, build-essential.

Utaniuliza kwa nini nakuanzishia Perl wakati kila mtu anaimba Python. Kwa sababu ya maji. Mji wa Handeni maji yake yanavutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe. Pampu ikisimama kule, ndoo zinapanga foleni huku. Python ndivyo ilivyo. Ukiijenga bila libssl-dev, libffi-dev, zlib1g-dev, libsqlite3-dev na wenzao, inajengeka vizuri tu, halafu mwishoni inakupa orodha ya moduli ambazo hazikupatikana. Ukaikosa ile ya ssl, pip haiwezi kuchukua kifurushi chochote mtandaoni, na umeshamaliza nusu siku. Perl imechimba kisima uani: msimbo wa zlib na bzip2 umo humo humo ndani ya faili ulilopakua. Kwa mtu anayeanza na bando la kuhesabu, hiyo ni tofauti kati ya kumaliza leo na kumaliza mwezi ujao.

Hatua ya pili: ipe mashine jina kabla ya kuingia chumba cha mtihani

Wengi hawaijui hatua hii, na ndiyo tamu kuliko zote. Configure inaandika ndani ya Perl nani aliyeijenga, lini, na kwenye mashine gani. Jina lako linaingia kwenye kigezo kinachoitwa cf_by, saa inaingia kwenye cf_time, na jina la mashine linahifadhiwa pamoja na habari za mfumo. Hayo hayafutiki mpaka mtu aijenge upya. Kwa hiyo usiingie na mashine inayoitwa user-PC. Andika:

sudo hostnamectl set-hostname handeni

Kisha fungua /etc/hosts uliongeze jina hilo kwenye mstari wa 127.0.1.1, la sivyo sudo itakulalamikia kila mara kwamba haimjui handeni ni nani. Na usijenge ukiwa umeingia kama root. Ukijenga kama root, sifa yote anachukua root.

Hatua ya tatu: jibu maswali yote kwa herufi tatu

Fungua faili, ingia kwenye folda lake, andika:

sh Configure -des -Dprefix=$HOME/perl

Herufi d inasema: kila swali lichukulie jibu unalolipendekeza mwenyewe. Herufi e inasema: ukimaliza endelea, usinisubiri. Herufi s inasema: punguza maneno. Mtihani uliokuwa ukukalishe asubuhi nzima unakwisha kwa dakika chache, na wewe unakunywa chai.

Kama ulikwisha kuanza bila herufi hizo na umechoka katikati, usikimbie. Kwenye swali lolote andika &-d, ubonyeze Enter, na yaliyobaki yote yatajijibu yenyewe.

Lakini mara moja katika maisha yako, siku umeme umetulia, ifanye bila -des. Bonyeza Enter kwa kila swali na usome anachosema mtahini. Utamkuta mtu. Atakueleza kwa nini anauliza, atakutuliza, na mahali fulani atakupongeza kwa kuwa hutumii Eunice, mfumo wa zamani ulioiga Unix juu ya VMS. Maelezo yale yameandikwa na mtu anayeipenda lugha. Larry Wall na mkewe walisomea isimu Berkeley wakikusudia kwenda kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine huku Afrika, waitungie maandishi. Afya haikuruhusu, mpango ukafa, akaingia kwenye kompyuta. Mimi huwa nalikumbuka hilo ninapopita Handeni na kuwasikia wazee wakizungumza Kizigua chao. Na jina lenyewe alilotaka kuipa lugha yake ni Pearl, yaani lulu, ile lulu ya thamani kubwa ya Injili ya Mathayo. Akaiondoa herufi moja kwa sababu lugha nyingine ilikuwa imeshalichukua.

Hatua ya nne: soma karatasi ya majibu iliyowekwa mlangoni

Ndani ya folda la Perl kuna folda jingine linaloitwa hints. Ndilo desa rasmi. Kila mfumo una faili lake: linux.sh, freebsd.sh, aix.sh, hpux.sh, darwin.sh, haiku.sh, na mengine. Yameandikwa na watu waliokalia mtihani huu kabla yako, wakaungua, wakaacha majibu ili wewe usiungue. Configure inaiuliza mashine yako jina la mfumo, inachagua faili linalofaa, na kuanza mtihani ikiwa na majibu mkononi.

Huhitaji kufanya lolote ili litumike. Ila lifungue. Dakika kumi za kusoma linux.sh zitakufundisha zaidi ya video saba, kwa maana mle hakuna nadharia. Kuna mtu anaeleza maktaba fulani iliachwa kwa sababu gani, au kompaila fulani inahitaji kusukumwa vipi. Ukiona aliyeandika ameacha maelezo marefu, ujue palimuuma.

Hatua ya tano: nakili kwa jirani, lakini mtazame jirani mwenyewe

Configure ikimaliza huacha faili linaloitwa config.sh. Hayo ni majibu yote ya mtihani, kwa maandishi ya kawaida, unaweza kuyasoma. Ukiwa na chumba cha kompyuta cha shule chenye mashine kumi za aina moja na Linux moja, fanya mtihani kwenye mashine ya kwanza na uyabebe majibu kwenye zile tisa. Huo ni wizi halali kabisa, nami nakuhimiza uufanye.

Usichukue config.sh ya mtu ambaye mashine yake huijui. Mwenzako mwenye mfumo wa biti 32 jibu lake la ptrsize ni 4. Wako ukiwa wa biti 64, jibu ni 8. Ukilibandika la kwake kwenye karatasi yako, kompaila inaweza kukupita kimya, halafu Perl ikaanguka baadaye mahali ambapo hutakumbuka chanzo chake. Vivyo hivyo usilete config.sh ya toleo jingine: maswali yamebadilika, majibu hayalingani. Ni sawa na kuangalizia kwa mtu anayefanya karatasi ya Jiografia wakati wewe uko kwenye Hisabati.

Kuna faili la pili, Policy.sh. Hili limebeba matakwa ya binadamu tu: unataka kuiweka wapi, barua pepe yako ni ipi. Hili liibe, lihamishe, lipeleke kwenye toleo lolote. Configure ikilikuta kwenye folda inalifuata. Na ukitaka kusafisha uchafu wa ujenzi bila kupoteza majibu, tumia make realclean. Ile make distclean inafagia hadi config.sh na Policy.sh.

Hatua ya sita: jenga kwenye kiwanja chako

Hapa sitaki njia ya mkato hata moja. Linux yako ina Perl tayari, kwenye /usr/bin/perl, na hiyo si yako. Ni ya nyumba. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha perl-base kimewekwa kwenye kundi la vile ambavyo mfumo hauwezi kuishi bila hivyo, na debconf, inayokuuliza maswali unapoweka programu, imeandikwa kwa Perl. Nimeletewa kompyuta ambayo fundi mmoja alipachika Perl mpya juu ya ile ya zamani. Kila kifurushi kilichojaribu kuingia kilikwama katikati, na mwenyewe alikuwa ameshaambiwa anunue diski mpya. Diski ilikuwa nzima.

Ndiyo maana nikakuandikia -Dprefix=$HOME/perl. Kila kitu kitaingia nyumbani kwako. Ukikosea, unafuta folda moja na hakuna aliyeumia. Ukishaweka, ongeza $HOME/perl/bin mwanzoni mwa PATH yako kwenye .profile. Kushindwa kwa heshima kunaanzia hapa: chagua mahali pa kuangukia kabla hujaruka.

Hatua ya saba: make, na umeme

Andika make. Kama prosesa yako ina viini viwili, andika make -j2. Sasa weka makande jikoni. Kwenye laptop ya zamani vitakimbizana.

Kitu cha kwanza kuzaliwa ni miniperl, Perl ndogo isiyo na moduli zinazohitaji C. Hiyo ndogo ndiyo inayoendesha kazi za kuijenga ile kubwa, kama vijiti vinavyowasha gogo. Ukiiona miniperl imetokea kwenye folda, pumua. Mashine yako imeshakubali.

Kisha umeme unakatika. Wilaya ya Korogwe ina mitambo ya Hale yenye megawati 21 tangu mwaka 1964, lakini panga kazi yako kana kwamba utakatika, maana ukikatika hutakuwa na cha kupanga. Na usilie. Stuart Feldman aliandika make mwaka 1976 huko Bell Labs kwa akili ambayo itakufaa usiku huo. Make haina daftari la kazi iliyofanyika; inatazama saa za mafaili tu. Faili la .c likiwa jipya kuliko .o yake, inajenga. Likiwa la zamani, inapita. Kwa hiyo umeme ukirudi, andika make tena, nayo itaendelea pale ilipoishia.

Ila kuna mitego miwili ambayo haimo kwenye vitabu vya watu wenye umeme wa uhakika.

Wa kwanza: faili lililokuwa linaandikwa umeme ulipokatika linaweza kubaki tupu huku saa yake ni mpya. Make italiona jipya, itadhani limekamilika, na utakuja kupata kosa la ajabu mwishoni. Kabla ya kuendelea, andika:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Hapo matupu yote yanaondoka na make inayajenga upya.

Wa pili ni wa kompyuta za mezani za mtumba. Kwenye mazabodi kuna betri ya duara, CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Sasa mafaili uliyojenga jana yanaonekana yametoka kesho. Make itakuonya kwa maneno haya: Clock skew detected. Usiendelee. Rekebisha tarehe kwanza kwa sudo date -s, ndipo uandike make. Halafu nunua betri. Ni kitu kidogo, na nimeona watu wakibadilisha Linux tatu tofauti kwa sababu yake.

Hatua ya nane: shindwa kwa ushahidi

Andika make test. Matoleo ya sasa yana majaribio zaidi ya milioni moja, kwa hiyo usikae kuyahesabu. Unachotafuta ni mstari mmoja mwishoni: All tests successful. Ukiuona, andika make install, kazi imekwisha.

Usipouona, usifute folda. Najua mkono unawasha. Watu wengi wanafuta, wanaanza upya, wanapata kosa lile lile, na jioni wanasema Linux haifai. Wewe andika jina la jaribio lililoanguka, ingia kwenye folda la t, ulirudie hilo peke yake:

cd t; ./perl harness re/pat.t

ukiweka jina la lile lako. Majaribio yanayopima muda huweza kuanguka kwenye mashine iliyolemewa, halafu yakapita yakirudiwa mashine ikiwa imetulia. Ya mtandao huweza kuanguka kwa sababu hukuandika jina la mashine kwenye /etc/hosts nilipokuambia. Likianguka tena na tena, rudi kwenye folda kuu, andika ./myconfig, na uubebe muhtasari itakaokupa pamoja na jina la jaribio. Ukienda kuomba msaada na vitu hivyo viwili mkononi, hakuna atakayekudharau. Anayekuja na "imegoma" peke yake ndiye anayesubirishwa.

Na kama leo haikuwezekana kabisa, shuka kituo cha karibu. Jenga Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2022. Interpreta yake imeandikwa kwa lugha ya Go, na Go haina mtihani wa Configure. Mfumo na prosesa unavitaja kwa GOOS na GOARCH, au unaviacha ivitambue yenyewe, kisha unaandika go build. Ukimaliza, unaandika andika("Habari") na inakujibu. Vijana wa Kitanzania waliyachukua maneno "kama", "sivyo", "wakati" na "rudisha" wakayaweka ndani ya interpreta, na msimbo wake wote uko wazi, unasomeka. Mwaka 2004 tulifurahi mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili. Nuru imekwenda mbele zaidi ya menyu. Aliyeijenga Nuru leo atarudi kwa Perl wiki ijayo akiwa hana hofu.

Sasa majivuno

Umestahili. Nenda stendi, fungua laptop, subiri mtu aulize. Usimwonyeshe maandishi yanayopita. Hayo kila mtu anayo. Andika:

perl -V:cf_by

Itatoka cf_by, alama ya usawa, na jina lako. Kisha andika perl -V, umwonyeshe mstari wenye neno uname, mahali palipoandikwa linux handeni. Akikuomba umfundishe, usimwambie ni ngumu. Mpe Policy.sh yako, mwonyeshe folda la hints, mwambie habari ya betri ya duara.

Na ile flashi irudishe na gari la jioni. Kuna mwenzako Mkata anaisubiri.